Anzeni Chini ya Kilima: maneno kwa vijana wanaotembeza wageni Mji wa Kale

Haya niliyasema Mombasa Jumamosi jioni, mbele ya vijana waliomaliza mafunzo ya kutembeza wageni. Wengi walikosa kwa sababu ya arusi mbili zilizoangukia siku moja, wakaniomba niyaandike. Nimeyaweka yote kama yalivyotoka. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Na nyinyi vijana mliojibanza nyuma karibu na mlango kama watu wanaodaiwa, hamjambo? Assalamu alaikum nyote.

Nimeambiwa nina dakika arubaini. Nimetembeza wageni miaka thelathini na moja, na katika muda huo sijawahi kumaliza jambo lolote kwa dakika arubaini, hata kula. Lakini nitajitahidi.

Nianze na swali. Ni nani humu ndani amewahi kutembezwa? Sisemi kutembeza. Kutembezwa. Kulipa pesa yako, ukasimama na watu usiowajua, ukamfuata mtu akuonyeshe mji. Naona mikono mitatu. Wa nne ule unajikuna kichwa.

Mimi sikuwahi. Miaka yote hiyo nimetembea mbele, tena nusu ya safari kinyumenyume, nikitazama nyuso za wageni. Mwaka juzi mpwa wangu anayefanya kazi Ulaya alinialika kwake, na katika safari hiyo tukafika Lisbon, Ureno. Akanikatia tikiti ya matembezi ya miguu ya saa tatu katika kilima cha ngome yao, ngome ya São Jorge. Nikacheka moyoni. Mreno anifundishe mimi habari za ngome? Mimi niliyelelewa kivulini mwa Ngomeni, Fort Jesus yetu?

Jioni ile nilirudi kimya. Mpwa wangu akadhani ni magoti.

Magoti yaliuma, sikatai. Lakini kilichoniziba mdomo ni mwanamke aliyetutembeza. Mtu wa makamo, viatu vya raba vimelika upande mmoja, hana kipaza sauti, hana mwavuli wa rangi wa kuinua juu. Jina lake silitaji kwa kuwa sikumwomba ruhusa. Kila tulipofika mahali alisimama, na kila aliposimama nilijiuliza: kwa nini hapa? Wanangu, ndilo swali nililokuja nalo leo. Unasimama wapi?

Siku hiyo tulikuwa watu kumi na wawili. Tuliambiwa tukutane katika uwanja wa Martim Moniz. Ngome iko juu kabisa, na uwanja huo uko chini kabisa, karibu na kituo cha treni ya chini ya ardhi. Pale pananuka bizari. Kuna maduka ya Wabangladeshi, Wachina, Wahindi, kuna ndugu zetu wa Msumbiji na Guinea wamekaa kwenye viti vya mawe wakizungumza. Kidogo nijione niko Biashara Street siku ya Jumamosi. Mgeni mmoja mwenye kofia kubwa akauliza kwa haraka, ngome iko wapi? Mama yule akanyoosha kidole juu, akasema haitakimbia, iko pale tangu enzi za Waarabu. Kwanza tazameni mlipokanyaga.

Tulikuwa tumekanyaga mtaa wa Mouraria, maana yake mtaa wa Wamoro, ndivyo walivyowaita Waislamu. Mji ule ulikuwa wa Waislamu kwa zaidi ya miaka 400. Mwaka 1147 ukatekwa na Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno. Waislamu waliobaki hai wakaondolewa ndani ya kuta wakapewa sehemu hii, kaskazini, chini ya kilima. Mwaka 1170 mfalme huyohuyo akawapa hati: mtakaa hapa, mtalindwa, na mtatoa kodi. Wakakaa zaidi ya miaka 300, wakifinyanga vyungu, wakifuma mikeka. Kisha mwaka 1496 mfalme mwingine, Manuel, akatoa amri Wayahudi na Waislamu wote waondoke Ureno au wabatizwe. Mtaa ukabaki na jina tu. Lishikeni jina hilo la Manuel. Tutakutana naye tena juu, na halafu tutakutana naye kwetu.

Sasa niambieni. Nyinyi huanzia wapi? Mimi najijua. Miaka thelathini na moja nimeanzia langoni mwa Ngomeni. Mizinga, picha, tarehe 1593, picha nyingine, ndani. Nimempandisha mgeni juu ya ukuta dakika ya kumi, akatazama Mji wa Kale chini yake, mapaa ya mabati, nguo zimeanikwa, na akanielewa vizuri sana: huko chini ni mandhari. Nani aliyemfundisha hivyo? Ni mimi. Sikusema neno, nilimsimamisha tu mahali.

Mama yule alituanzisha chini. Tukapanda kwa miguu, ngazi baada ya ngazi, vichochoro vyembamba ambamo mtu wa Kibokoni, hapa Mji wa Kale, hangepotea. Lifti ipo ya kupunguza mlima, na tramu namba 28 ipo, lakini alisema anayetaka lifti atatukuta juu. Hakuna aliyethubutu.

Katika kichochoro kimoja picha za wazee wa mtaa zimechapwa moja kwa moja juu ya kuta. Wazee wa kawaida: bibi na mkoba wake, mzee na kofia yake, waliokaa nyumba zilezile. Baadhi wamekwisha kufa. Hakutuambia chochote juu ya mfalme pale. Dirisha likafunguka, bibi mmoja akatoa kichwa, na kiongozi wetu akatuacha! Akaenda kumsalimu. Wakazungumza dakika tano nzima za Kireno, na sisi tumesimama na kamera zetu kama mbuzi wanaosubiri mvua ipite. Aliporudi akatuambia bibi anaumwa mguu, na kwamba magurudumu ya mabegi ya wageni juu ya mawe humwamsha kila alfajiri. Nyumba za pande zote zimegeuzwa za kulaza wageni. Huko juu, katika kata ya ngome yenyewe, sensa ya 2011 haikupata hata wakazi 400.

Vijana, mimi nimepita Ndia Kuu na wageni nikiwa nanyoosha kidole kwenye baraza ambazo watu wameketi. Nimesema "tazameni mlango huu" huku mwenye mlango anakunywa kahawa mbele yake. Nimefanya hivyo mara ngapi? Na kahawa yenyewe sikumwuliza habari yake. Mgeni anaona jinsi unavyowatazama wenzako kabla hajasikia unachosema. Salimu kwanza. Wageni watasubiri, hawana pa kwenda, wewe ndiye mwenye njia.

Nasonga mbele. Tukafika kwenye ukuta wa juu, kwenye lango. Na hapo ndipo nilipomvulia kofia.

Kila Mreno anaijua hadithi ya Martim Moniz, yule aliyepewa uwanja tulioanzia na kituo cha treni. Wanasema siku ya vita alikuta lango la ngome liko wazi kidogo, Waislamu wanalifunga kwa haraka. Akajitupa mwili mzima katikati ya mbao. Lango likamponda, likashindwa kufunga, wenzake wakaingia juu ya mwili wake. Hadithi tamu. Ukiisimulia vizuri pale langoni, watu wanalia, na bakshishi inaongezeka. Mimi ningeisimulia mpaka jasho.

Naye aliisimulia, vizuri sana, kwa mikono. Kisha akanyamaza kidogo, akasema: lakini kuna padri aliyekuwapo.

Maana yake nini? Mwaka ule wa 1147 mfalme hakuuteka mji peke yake. Merikebu zipatazo 164 zilikuwa zimetoka Dartmouth, Uingereza, zimejaa Waingereza, Waflemi na Wajerumani wakielekea vita vya msalaba huko Shamu. Mfalme akawaomba njiani: nisaidieni kuuteka mji huu, mali na fidia za mateka chukueni nyinyi, kisha mniachie mji. Wakauzingira takriban miezi minne, tangu mwisho wa Juni hadi Oktoba. Ndani ya mji watu wakafa njaa. Na katika jeshi lile alikuwamo padri mmoja aliyeandika barua ndefu kwao Uingereza, mambo aliyoyaona siku hadi siku. Barua hiyo ipo hadi leo, imehifadhiwa Cambridge. Martim Moniz hayumo. Lango na mwili wake havimo.

Waliomo ni nani? Yumo mzee wa Kiislamu aliyesimama juu ya ukuta akawajibu maaskofu waliokuja kudai mji. Kwa maneno yangu, alisema hivi: ni kweli, mji huu zamani ulikuwa wenu. Sasa ni wetu. Huenda siku zijazo ukawa wenu tena, Mungu akipenda. Lakini maadamu Yeye ametaka tuwe nao, tutakuwa nao. Mnasikia maneno hayo? Hayo aliyaandika adui yake. Hakuyakata.

Na yumo askofu. Ndiyo, askofu. Mji ule wa Waislamu ulikuwa na Wakristo wake, na askofu wao mzee. Mji ulipofunguliwa, wanajeshi wa msalaba wakamkata koo. Mkristo kwa Mkristo. Barua inasema waliofanya maovu siku ile ni Wajerumani wa Cologne na Waflemi, Waingereza walishika ahadi. Na aliyeandika ni wa upande wa Waingereza! Hapo sisi kumi na wawili tukacheka, na mama yule akacheka nasi. Hakutuambia tumwamini nani. Alitutazama tu, akaendelea kupanda.

Mimi nilibaki nyuma kidogo pale langoni. Nikafikiria jinsi ninavyosimulia kuzingirwa kwa Ngomeni, 1696 hadi 1698. Wareno ndani, Waomani nje, njaa, tauni, miezi thelathini na tatu. Nasimulia Wareno, nasimulia Waomani. Na Waswahili waliokuwa ndani? Walikuwapo, wanaume kwa wanawake, wenyeji waliopigana juu ya kuta zile wakati Wareno wenyewe wamebaki wa kuhesabu. Dakika ngapi huwa nawapa? Sikuwahi kuwapa hata moja.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Wazee, mnisitiri.

Tulipoingia ndani ya ngome tulikuta ni nzuri mno. Minara kumi na mmoja, kuta zenye meno juu kama msumeno, misonobari, tausi wanatembea wakijiona ndio wenye mji. Mmoja alipanda juu ya meza ya mgahawa akala mkate wa Mjerumani. Kila mtu akatoa simu. Mama yule akatuacha tupige picha tukashiba, kisha akatoa kwenye mkoba wake picha moja ya zamani, nyeusi na nyeupe. Kilima kilekile. Ngome haipo! Kuna majengo marefu ya kambi ya jeshi, madirisha mengi, mapaa. Kuta zimefunikwa, minara haionekani.

Akaeleza. Baada ya wafalme kuhamia kwenye kasri la pembeni mwa mto, ngome ikawa kambi, ikawa jela, mwaka 1780 ikawa na nyumba ya kulelea yatima. Zilzala kubwa ya 1 Novemba 1755 ilikuwa imekwisha kuivunjavunja. Basi kati ya 1938 na 1940 serikali ya Salazar, mtawala wa Ureno wakati huo, ikataka sherehe kubwa: miaka 800 ya taifa, na miaka 300 tangu kujitoa chini ya Uhispania. Ikabomoa kambi, ikachimbua kuta, na pale zilipopungua ikaziongeza. Meno yale tuliyoyapiga picha, mengi yana umri wa bibi yangu mzaa mama.

Mgeni wa kofia kubwa akakunja uso. Akasema, kwa hiyo ni bandia? Mama yule akamwambia hapana: chini ni mawe ya karne ya 11, juu ni ya 1940, na vyote viwili ni historia, ila si historia ya mtu mmoja. Yule wa chini aliogopa maadui. Yule wa juu alitaka kupendwa.

Na hapo nikaona aibu, kwa sababu ya handaki.

Wenye umri wangu mnalijua handaki langu. Mnaanza kucheka. Kwa miaka kama sita, saba, nilipokuwa kijana, niliwaambia wageni kwamba kuna handaki linalotoka Ngomeni, linapita chini ya bahari, linatokea ng'ambo. Nilikuwa na mahali pake pa kusimama, sauti yake ya chini, na kituo cha kuvuta pumzi. Halikuwahi kuwapo. Nililikuta kwa mwenzangu, naye alilikuta kwa mwenzake, na kila mmoja alilirefusha kidogo. Siku moja mtoto wa Kitaliano, miaka minane hivi, akamwuliza mamake kitu. Mamake akanitafsiria: anauliza, walizuiaje maji? Nikasema, Wareno walikuwa mafundi. Yule mtoto akanitazama. Wanangu, nimetazamwa na mahakimu, nimetazamwa na wakwe, sijawahi kutazamwa vile.

Nilidanganya kwa nini? Njaa sikuwa nayo, pesa ilipatikana. Nilidanganya kwa sababu niliona ukweli wetu hautoshi. Nilidhani mgeni amezoea makubwa, lazima nimpe kubwa. Na kumbe ndani ya Ngomeni kuna ukuta ambao askari wa Kireno, kwa kuchoka, walichora merikebu na samaki na watu kwa mkaa na udongo mwekundu, karne ya 17, na michoro ipo. Nilikuwa naipita haraka niwahi handaki.

Basi lipi ni la Wareno, lipi ni la Waomani, lipi ni la Waingereza, lipi limepigwa lipu juzi? Jueni. Semeni. Mkiulizwa msilolijua, semeni sijui, kesho nitauliza.

Nina dakika ngapi? Kumi na tano. Alhamdulillahi.

Njiani kushuka kutoka ngome ile ya Lisbon tulisimama juu ya sakafu. Sakafu tu. Lisbon yote ina njia za miguu zilizotandikwa vijiwe vidogo vyeupe na vyeusi, kwa nakshi za mawimbi na maua. Watu hukodoa macho wakitazama chini. Mama yule akasema kazi hii ilianzia hapa kilimani, mwaka 1842. Mkuu wa ngome, jina lake Eusébio Furtado, alikuwa na wafungwa wenye minyororo miguuni, akawatia kazi ya kutandika vijiwe kwa mistari ya kupindapinda. Mji ukapendezwa, na baada ya miaka michache wafungwa wakateremshwa kwenda kutandika uwanja mkubwa wa Rossio huko chini.

Akasema neno la jela kwa Kireno. Nami, kwa mara ya kwanza siku ile, nikafungua mdomo. Nikamwambia sisi kwetu neno letu la jela mmetupa nyinyi: gereza. Akashangaa, halijui. Nikamwambia linatokana na neno lenu igreja, kanisa. Ngome zenu zilikuwa na kanisa ndani, watu wetu wakasikia neno, wakaliita jengo lote hivyo. Kilwa Kisiwani hadi leo ngome inaitwa Gereza. Na Ngomeni kwetu, Waingereza waliifanya jela tangu 1895 hadi 1958, kwa hiyo neno likakamilika. Akasimama kabisa. Akaita wenzangu wote wasogee, akasema, hebu rudia. Nikarudia. Kisha nikawahesabia mengine: meza, bendera, leso, kasha, karata, mvinyo. Kila neno anapiga kofi.

Naye akanilipa. Mtaa wa upande wa pili wa kilima unaitwa Alfama. Nikamwambia hilo ni neno la Kiarabu. Akasema naam, ni la chemchemi za maji ya moto na mabafu yake. Nikamwambia Unguja tuna Hamamni, neno la ukoo huohuo. Na tulipoagana kwamba labda nitarudi, nikasema inshallah, naye akasema oxalá. Akanieleza kuwa ni kitu kimoja, limewabakia midomoni tangu wakati ule. Mfalme Manuel alifukuza watu, neno akashindwa kulifukuza.

Nimesema Manuel. Sasa sikilizeni kituo cha mwisho, maana hiki ndicho kilichonifanya nikubali kuja kusema leo.

Upande wa kusini wa ngome kuna uwanja wazi, una ukuta mfupi na mizinga, na chini yako mji wote na mto Tagus, mpana kama bahari. Hapa palikuwa na kasri la wafalme, liliitwa Alcáçova, nalo ni neno la Kiarabu, al-qasaba. Leo limebaki mabaki ya kuta. Mama yule alisimama pale muda mrefu kuliko kokote. Akasema Juni 1502 mke wa Manuel alijifungua mtoto wa kiume katika kasri hili. Gil Vicente, mtunzi wa michezo ya kuigiza, akaingia chumbani kwa malkia amevaa kama mchunga ng'ombe, akaigiza, akamsifu mtoto. Wareno huhesabu kwamba tamthilia yao ilianza usiku ule.

Nilikuwa nimeegemea mzinga. Juni 1502. Nikapiga hesabu kichwani, na nywele zikanisimama. Julai 1502, mwezi mmoja baadaye, Vasco da Gama yuko Kilwa na merikebu zenye mizinga. Amemwambia Amiri Ibrahim atoe kodi ya dhahabu kila mwaka kwa mfalme wa Ureno, la sivyo mji utachomwa. Ibrahim akatoa. Mithkali 1,500 za dhahabu. Miaka mitatu baadaye, 1505, Francisco de Almeida akaja na merikebu zake, Kilwa ikatekwa, Mombasa ikachomwa moto. Mombasa hii.

Sikuweza kunyamaza. Nikasema, mama, samahani, na upande wa pili wa bahari? Nikamweleza. Wenzangu kumi na mmoja wakanigeukia. Nikaona anachukua hatua moja nyuma, ananiachia mahali pake pa kusimama. Mnajua ni kitu gani kwa mtembezaji kumwachia mtu mahali pake? Nami nikasimama pale kilimani Lisbon, nikawaelezea Kilwa. Misikiti ya matumbawe, dhahabu ya Sofala, sarafu walizopiga wenyewe. Sikutia handaki hata moja.

Nilipomaliza akaniuliza, je, umekwisha kuiona dhahabu yenyewe? Nikadhani ananitania.

Kesho yake nikaenda. Makumbusho ya taifa ya sanaa za kale, mtaa wa Janelas Verdes. Ndani ya kabati la kioo, peke yake, taa inakiangazia: chombo cha kanisani cha kuwekea mkate mtakatifu, wanakiita monstrance ya Belém. Dhahabu na enameli. Kimeandikwa kwamba Manuel aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, kikakamilika 1506. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti pande zote, wadogo kama kidole, kila mmoja na uso wake. Fundi wake anatajwa kuwa Gil Vicente. Kama ni yuleyule mchunga ng'ombe wa chumbani au ni mwingine wa jina lake, wataalamu hubishana hadi leo.

Nilisimama pale. Mlinzi alinipita mara mbili. Mnataka kujua kama nilikasirika? Nilikasirika. Na kilikuwa kizuri? Wallahi kilikuwa kizuri, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kundi la watoto wa shule likaja na mwalimu wao, wakakaa sakafuni. Mwalimu akasema maneno mengi, nikasikia "Quíloa", yaani Kilwa, likipita katikati kama jina la duka. Hakusimama hapo.

Nilipotoka nje nikakumbuka jambo ambalo nimelisema mara elfu bila kulifikiria. Ngomeni ilipoacha kuwa jela mwaka 1958, pesa za kuichimba na kuifanya makumbusho, pauni 30,000, zilitoka wapi? Wenye kusoma semeni. Naam, kwa wakfu wa Calouste Gulbenkian. Na wakfu huo makao yake ni wapi? Lisbon. Kutoka makumbusho yale si mbali, ni safari ya basi. Basi jioni ile nilikaa kwenye benchi la bustani yao nikala machungwa. Kama ni malipo au si malipo, sikuimaliza hesabu hiyo, na machungwa yakaisha.

Vijana, naona mwenye ukumbi ananionyesha saa. Tangazo moja tu, nalo ni la kazi. Kesho sitaki mtu langoni mwa Ngomeni. Tukutane saa moja asubuhi chini ya Ngazi za Leven, kule majini, penye mashua. Njooni na viatu vya kutembelea, si hivyo vya arusi. Tutapanda polepole, na kila nyumba yenye mtu barazani tutasimama tumsalimu, hata tukifika Ngomeni adhuhuri. Yule kijana aliyejikuna kichwa, wewe ndiye utakayetutembeza. Mimi nitakuwa nyuma, na nitalipa.